Sitara na Wifi Yake Juu ya Waya

Ukifika Mtaa wa Swahili pale Kariakoo na kuuliza duka la Sitara wa mapazia, muuza kahawa atakuonyesha kwa kidevu tu, mikono ikiendelea kumimina. Kila mtu anamjua. Ni mwanamke wa mwili mkubwa, mkono wake mwepesi kwenye cherehani na mdomo wake haujawahi kukopesha mtu jibu. Mteja akisema kitambaa hiki nimekiona mlango wa pili kwa bei nafuu, Sitara humwambia: "Basi kimbia, mlango wa pili wanafunga mapema."

Mdomo huo ulikuwa ukifungwa na mtu mmoja tu, naye ni Nasreen, dada mkubwa wa mume wake. Nasreen alikuwa mwembamba kama mshipi. Baada ya kuachika alirudi kuishi katika nyumba ya marehemu baba yao Ilala, nyumba ambayo ndugu yake Abdulswamad alikuwa akikaa na Sitara. Tangu siku hiyo Sitara hakupika chungu kikapita salama. Nasreen angeonja mchuzi, anyamaze, kisha anyanyuke taratibu kwenda kuchukua chumvi. Wageni wakija angesema, "Karibuni kwetu," na hilo *kwetu* alilibana ulimini hata mgeni ajue mwenye nyumba ni nani na mpangaji ni nani. Sitara alinyamaza kwa ajili ya mume. Alikuwa amefunzwa kwao kwamba wifi ni mume wa pili, hajibiwi.

Abdulswamad alikuwa wakala wa kutoa mizigo bandarini, mtu wa shati lililopigwa pasi na simu mbili. Hakuwa na mazoea ya kumtoa mkewe. Hata kumpeleka ufukweni Jumapili alilalamikia foleni mpaka wakarudi. Kwa hiyo likizo za shule zilipoisha na binti yao Rukia akarudi bwenini, Abdulswamad aliposema kwa sauti ya asali, "Mama Rukia, twende milimani tukabadilishe hewa," Sitara alimtazama kama anavyotazama noti mpya.

"Hewa ya hapa ina nini?"

"Umechoka, mke wangu. Unashona mno."

Hapo alisema kweli. Mwezi mzima alikuwa akishona mapazia ya nyumba nzima, ya kijani kibichi yenye marinda mazito, oda ambayo Abdulswamad mwenyewe alimletea. Alisema ni ya bosi wake aliyejenga Kigamboni.

"Tunaenda wawili?"

"Na dada Nasreen. Tutamwachaje peke yake?"

Wakaenda watatu.

Sitara hakupenda kupumzika na hakupenda miti. Msitu ule wa Usambara ulimkera tangu gari lilipoingia kwenye kivuli chake. Miti ilisongamana kama vibanda vya machinga, lakini hapakuwa na mtu wa kusalimiana naye. Maji yalidondoka hata mvua ilipokuwa imekatika. Usiku alilala nyumba ya wageni kwenye shuka zenye unyevu, na asubuhi aliwakuta mumewe na Nasreen wamesimama nyuma ya gari wakinong'ona. Walipomwona wakanyamaza.

"Leo tunateleza kwenye waya," Abdulswamad akasema haraka haraka. "Juu kwa juu, unaona msitu wote."

Kabla ya kupanda, wageni walipimwa uzito. Mtembeza wageni, mwanamume mpole wa kule kule milimani aitwaye Anselmi, aliisogeza mizani pembeni kwa heshima ili kila mtu apime kivyake. Sitara alipopanda, Nasreen akamfuata, akainama juu ya mizani, akaisoma namba kwa sauti kama anayenadi samaki soko la Feri. Watalii wengine wakageuka.

"Kaka Anselmi, huo waya mmeujaribu kwa ng'ombe?" Nasreen akauliza.

Anselmi hakucheka. Aliyecheka ni Abdulswamad. Kilikuwa kicheko kifupi cha puani, akakikata katikati, lakini Sitara alikuwa amekwisha kukisikia. Miaka yote alikuwa akijiambia kwamba mumewe hasikii maneno ya dada yake. Kumbe anasikia, na yanamfurahisha.

"Nifunge mikanda," alimwambia Anselmi. "Nitangulie mimi."

Wakapanda ngazi za mbao hadi jukwaa lililojengwa kwenye mti mkubwa. Mbele yao lilikuwapo korongo, na chini kabisa mto ulionekana mweupe kati ya majani. Anselmi aliteleza kwanza ili awapokee ng'ambo. Mwenzake, Polycarp, akabaki kumfunga kila mtu kwenye kapi lake, kigurudumu kinachokimbia juu ya waya, na kutoa maelekezo: msishike waya, msifunge breki wenyewe, kaeni kama mmekaa kitini. Sitara alikaa kama amekaa kitini. Alisukumwa, upepo ukamjaa machoni, majani yakapita chini ya miguu yake kama kitambaa kinachokunjuliwa na mtu mwenye hasira, na uzito wake ukamfikisha moja kwa moja mikononi mwa Anselmi. Hakuona uzuri wowote. Alikuwa bado anakisikia kile kicheko.

Akafuata Nasreen. Alianza na kelele, na alipoliona korongo likafunguka chini yake, akasahau maelekezo, akaudaka waya. Glovu ilifuka moshi kidogo, mwendo ukafa, na mwili ule mwembamba ukasimama katikati, ukirudi nyuma na kwenda mbele kidogo kidogo kama nguo kwenye kamba ya kuanikia. Na mvua nayo ikaanza.

"Nitoeni! Kaka! Abdul! Nakufa!"

Abdulswamad, aliyebaki jukwaa la kwanza, aliita, "Tulia, dada!" wala hakuwa na lingine la kufanya.

Anselmi alijifunga kwenye waya, akamkabidhi Sitara ncha ya kamba. "Mama, naenda kumfunga hii. Nikisema vuta, vuta polepole. Ni kazi nyepesi."

Akajivuta kwa mikono hadi kwa Nasreen, akaifunga kamba kwenye mikanda yake. Nasreen alipofuata kamba ile kwa macho na kuona imeshikwa na nani, akapiga yowe.

"Usimpe yule! Ataniachia! Ana roho mbaya yule!"

"Dada, tulia, haachi mtu," Anselmi akamwambia.

"Humjui! Ndiyo maana ndugu yangu akaona akaoe kwingine, apate mke mwenye haya!"

Maneno yale yalivuka korongo pande zote mbili. Polycarp alitazama miguu yake. Abdulswamad aliinua mkono, akaushusha.

Sitara aliizungusha kamba kwenye nguzo ya jukwaa, akaikaza vizuri ili mtu asianguke. Kisha akafumbata mikono kifuani.

"Kaoa nani?"

"Mama, vuta tafadhali," Anselmi akasihi.

"Nitavuta. Hataanguka. Nasreen! Kaoa nani?"

"Nivute kwanza!"

"Mimi siendi popote. Wewe je?"

Mvua ikazidi. Nasreen alilia, akatukana, akamwita ndugu yake bure. Hatimaye ikamtoka yote, kwa woga na kwa sumu. Nikaha ilifungwa kabla ya Ramadhani. Likizo hii ililetwa ili Sitara aambiwe taratibu, mbali na majirani, asije akapiga kelele. "Na nani, na nani! Hayo mapazia ya kijani uliyokesha ukishona ulidhani ya nani? Mkewe mdogo kakaa nayo Kigamboni, anayasifia!"

Sitara alifungua kamba nguzoni. Akavuta. Alivuta kwa mikono yote miwili bila kupumzika, na kila pima ilimletea karibu uso aliotamani kuuchana kwa kucha. Nasreen alipokanyaga mbao, alitaka kumshika mkono. Sitara akausogeza mkono wake.

"Usinishike."

Ng'ambo, Abdulswamad alikuwa anavua mikanda. Hakuteleza kumfuata mkewe. Alishuka kwa ngazi alizopandia, akiwa amempa mgongo.

Sitara hakumsubiri. Alifuata njia ya miguu hadi nyumba ya wageni, akachukua begi lake, akapanda basi la kwanza la Dar es Salaam na nguo zake zimelowa.

Ndugu yake Bushiri, muuza samaki wa Feri, alitaka kwenda Ilala na wenzake.

"Usimpige," Sitara akamwambia. "Ukimpiga atapata wa kumhurumia."

Wazee wa pande mbili walikaa. Abdulswamad alisema dini inamruhusu. Sitara akajibu kwamba ruhusa anaijua, ila aonyeshwe ni wapi alipoambiwa mwanamume amshoneshe mke mkubwa mapazia ya mke mdogo kwa uongo. Talaka ilichelewa, lakini ilitoka. Alihamia chumba cha kupanga Mchikichini, hatua chache kutoka kwenye cherehani yake.

Habari zikamfikia kwamba mke wa Kigamboni amemkataza Nasreen kukanyaga kwake. Sitara alicheka mpaka wateja wakageuka, na hakuona aibu.

Abdulswamad alikuja dukani adhuhuri moja, wakati mtaa umefurika na mikokoteni inapiga watu ubavuni. Alikuwa amekonda. Shati halikuwa limepigwa pasi.

"Mama Rukia, tuzungumze kidogo."

"Unataka mita ngapi?"

"Sitara, mimi sikuja kununua."

"Basi nipishe mlangoni, wanunuzi wasimame."

Alisimama kidogo, akisukumwa huku na huku, kisha umati ukamchukua. Sitara akarudi kwenye pindo alilokuwa akishona. Lilikuwa limekwenda upande. Akalifumua kwa meno, akamtukana mtu kimoyomoyo, akaanza upya.