Kibuyu Nilichokunywa Wakati wa Likizo

Kosa ni langu, na msinitafutie mwenzangu wa kulibeba. Sikulogwa, sikulazimishwa wala sikulewa. Nilikuwa na akili zangu timamu, mchana kweupe, nimevaa kaptula yangu ya ualimu, nikapokea kibuyu kichafu kwa mikono miwili nikanywa. Hadi leo nikiikumbuka ladha ile mate hunijaa mdomoni, nami hutoka nje kuyatema. Pweh!

Jina langu na la shule yangu nitayaficha. Inatosha mjue kwamba ni shule ya kuta za udongo upande wa Kharumwa, kwenye njia ya kwenda machimboni Geita, na kwamba nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza.

Ninyi mnaofundisha huku Usukumani mnaijua kazi hiyo. Mtoto anatoka nyumbani na Kisukuma kitupu. Kiswahili anakipata mdomoni mwa mwalimu wake. Wewe unasema, yeye anafuata. "Hiki ni kiti!" "Hiki ni kiti!" Hivyo hivyo kutoka asubuhi mpaka jua la utosi, tena juu ya kelele za darasa la pili waliokaa chumba hichohicho, wamegeuziwa migongo tu. Niliipenda kazi hiyo kuliko kitu chochote. Mtoto aliyekuja bubu kwa Kiswahili akikuamkia "Shikamoo mwalimu" kwa mara ya kwanza, unajiona wewe ndiye uliyempa ulimi.

Shule ilipokaribia kufungwa kwa likizo ya kiangazi nilikohoa, nikaona damu kwenye leso. Nilipanda baiskeli nikaenda kwa dresa wa zahanati. Alinikandamiza ulimi kwa mpini wa kijiko, akachungulia, akaguna.

"Mwalimu, koo limechubuka. Dawa ya kukupa sina. Dawa yako ni likizo."

"Likizo ndiyo hiyo inakuja, Bwana Dresa."

"Sisemi likizo ya kukaa kilabuni na kubishana! Funga mdomo. Usiimbe, usipige kelele, usimkemee hata mbuzi. Maji ya uvuguvugu, maziwa na usingizi. Ukilipasua tena, sitakuwa na la kukusaidia."

Nyumbani nikamweleza mke wangu, Mama Kabula. Hakupoteza wakati.

"Basi twende kwetu Samuye. Ukweni nani atakutaka uongee? Utakaa kwenye kigoda, utaletewa maziwa, utaitikia kwa kichwa. Mama yangu atasema, tazameni mkwe wetu alivyo na adabu!"

Tulicheka wote wawili. Lilikuwa shauri zuri kweli, maana kwetu mkwe anayepayuka ukweni ni aibu, na anayenyamaza anaheshimiwa. Hakuna mahali pengine duniani ambapo mwalimu angeweza kufunga mdomo likizo nzima asiulizwe kwa nini. Mke wangu akaanza kufungasha. Nasema tena, akaanza kufungasha! Dawa ilikuwa imekwisha kupatikana.

Ndipo akaja baba yangu mdogo, Masanja.

Huyu ndiye mkubwa wa kikundi cha ngoma cha upande wetu. Mjuavyo, ngoma zetu zina pande mbili, na mtu hachagui upande, anazaliwa nao. Pamba ikishavunwa, pande hizo hukutana uwanja mmoja na kuimba kwa wakati mmoja, kila upande na duara lake. Watazamaji hukimbilia kwenye duara linalowavutia, na upande unaobaki na watu ndio ulioshinda. Kwa hiyo manju, yaani kiongozi wa nyimbo, hahitaji maneno matamu tu. Anahitaji koo la kufunika koo la mwenzake.

Kabla sijaoa nilikuwa manju. Watu walikuwa hawajasahau. Mimi pia sikuwa nimesahau, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

"Ng'wanawane," Baba Masanja akaniambia kabla hata hajakaa, "mwanangu, manju wetu amekwenda kwenye mkonge Tanga. Wenzetu wa upande wa pili wameleta mchimbaji kutoka Geita, wanamwita Bati. Anaimbia ndani ya bati lililokunjwa kama tarumbeta. Nani atamjibu?"

"Baba, dresa amenikataza."

"Dresa amezaliwa upande gani wa ngoma?"

"Hana upande. Si mtu wa huku."

"Haya! Mtu asiye na upande atakushauri nini? Na umesikia Bati anavyokuimba wewe?"

"Mimi?"

Mzee akasafisha koo, akaimba polepole huku akinitazama usoni: "Mwalimu wao anakula chaki, akifungua mdomo linatoka vumbi."

Wasomaji wangu, wimbo huo ulinichoma kuliko ile damu kwenye leso! Mwanamume mzima, mwenye cheti cha ualimu, nikakasirishwa na mtu mwenye bati. Nilisimama palepale nikasema nitakuja.

Mke wangu alikuwa mlangoni, ameshika kamba ya kufungia mkeka.

"Na Samuye je, Baba Kabula?"

"Tangulia na mtoto. Ngoma ikiisha nitakufuata."

"Kila siku unawagombeza watoto wa watu kwamba hawasikii."

"Usiniaibishe mbele ya baba."

Alimtazama mzee, akanitazama mimi. "Haya, nenda kaimbe. Ukimaliza uniite, kama utaweza."

Kesho yake akapanda lori la pamba, amempakata Kabula, hakugeuka nyuma.

Siku ya ngoma uwanja ulijaa. Mimi nina tabia ya kutazama kila kitu, na siku ile nilitazama hata yale ambayo ningeomba nisiyaone. Bati alikuwa amevaa viatu vizito vya mgodini na koti la sufu katika jua lile, jasho linamchuruzika mpaka kwenye bati lake. Alipopaza sauti, bati likalia kama ng'ombe anayechinjwa. Watu wakacheka, na waliocheka wakamfuata. Nami nikaimba. Koo likaanza kuwaka. Watazamaji wetu wakapungua, wakatoka mmojammoja kwanza, kisha kwa makundi, na wanawake wakanipita wakinitazama kwa huruma.

"Wanakwenda!" Baba Masanja akanifokea sikioni, kisha akamgeukia mganga wetu. "Leta kibuyu!"

Kibuyu hicho kilikuwa cha mganga wa kikundi. Ndani yake kulikuwa na dawa ya kufungua sauti. Sasa sikieni nilichokiona, maana nilikiona chote. Ilikuwa samli iliyooza, rangi ya usaha, na juu yake unga mweusi uliosagwa kutokana na koo la jogoo lililokaushwa pamoja na mizizi ninayodhani ilikuwa ya sumu. Mganga alichovya kidole, akakilamba, akakichovya tena. Mpiga ngoma wetu akanywa, naye alikuwa na kidonda kwenye mdomo. Mwingine akanywa, akakohoa humohumo ndani, akafuta ukingo kwa kwapa. Nzi walikuwa wametua pale kwenye ukingo, wala hawakusumbuka kuruka.

Na mimi ni nani? Mimi ndiye mwalimu wa somo la afya! Ni mimi niliyewasimamisha watoto kwenye mstari na kuwafundisha kuimba: kila mtu na kikombe chake! Niliwahi kumchapa mtoto fimbo kwa kunywa maji aliyoyabakiza mwenzake. Nikakumbuka yote hayo, kibuyu kikiwa kimegusa midomo yangu.

Nikasikia bati likilia upande wa pili: "Linatoka vumbiii!"

Nikanywa.

Haikuteremka kama kinywaji. Iliteremka kama konokono, polepole, vuguvugu, na ndani yake kulikuwa na kitu kilichoning'ang'ania kooni. Kisha moto ukawaka. Machozi yakanitoka. Nikafungua mdomo, na nawaambia kweli, sauti ilitoka! Kubwa, kali, sijawahi kuwa nayo maishani. Watu wakageuka. Duara la Bati likapasuka, wakaja mbio kwetu vumbi likiruka. Baba Masanja akaruka juu kama kijana. Nikaona fahari, nikavuta pumzi nipandishe zaidi.

Kitu kikachanika. Nilikisikia ndani, kama unavyosikia kitambaa cha marekani kinapochanwa dukani. Sauti ikageuka mlio, mlio ukageuka upepo. Nikatapika mbele ya mkutano mzima, samli na damu, juu ya miguu yangu mwenyewe.

Halafu mwanamke mmoja akasema, "Yuu! Mwalimu amekuwa chura!" Uwanja ukapasuka kwa kicheko. Wakarudi wote kwa Bati. Na Baba Masanja, aliyekuja kuniita nyumbani kwangu, alipita pembeni akiziba pua.

Samuye sikwenda. Ningekwenda na nini? Nilijifungia, nikawa naosha kinywa kwa chumvi na majivu, na harufu haikutoka. Nilijichukia mpaka nikashindwa kula kwa mikono iliyokipokea kibuyu.

Mke wangu aliporudi alisimama nje akabisha hodi. Nilikuwa nimelala ndani. Nikaitikia karibu, nikasikia hewa tu. Akabisha tena. Kabula akaita, "Baba!" Nikaita jina lake, halikutoka. Nikawasikia wakizungumza.

"Baba hayupo, mama."

"Hayupo. Tungojee."

Wakakaa kizingitini kwangu wakinisubiri mimi niliyekuwa ndani! Nikaamka nikafungua mlango. Mama Kabula akanitazama shingo, akanitazama macho. Akachukua sufuria akaenda kuchemsha maji. Nilitamani anitukane.

Daktari wa misheni alichungulia koo langu kwa kioo kidogo, akasema kovu limekwisha kufanyika, sauti haitarudi. Ilibaki kitu kama ukwaruzo, kama mtu anayeparuza chungu kwa ukucha. Nikamwomba mwalimu mkuu aniachie darasa langu. Akanionea huruma. Angalau hilo, nikafikiri, sijalipoteza.

Muhula mpya ukaanza na watoto wapya wakaja. Nikawafundisha kama zamani, mimi nikisema na wao wakifuata. "Hiki ni kiti." "Hiki ni kiti." Sikuona jambo lolote. Mimi ninayejisifu kwa kuona, sikuona!

Mwisho wa mwaka akaja mkaguzi wa shule, Mzungu mmoja mrefu mwenye Kiswahili safi. Nje watoto walikuwa wakicheza na kuitana kwa Kisukuma, sauti zinalia kama kengele. Wakaingia, wakasimama. Mkaguzi akamwinamia msichana wa mbele.

"Hujambo, mtoto?"

Msichana akakaza shingo, akabana koo, akakwaruza: "Sijambo, bwana."

Mkaguzi akatabasamu, akamgeukia mwingine. "Nawe, jina lako nani?"

"Jina langu Maganga, bwana." Ukwaruzo uleule.

Wa tatu, wa nne, mstari mzima. Walikuwa wananyoosha shingo kama mimi, wanakunja uso kama mimi. Hata kile kikohozi changu kidogo kabla ya neno la kwanza walikuwa nacho, wamekiweka mahali pake kama sehemu ya sentensi.

Mkaguzi akamtazama mwalimu mkuu. "Watoto hawa wana mafua?"

Mwalimu mkuu akainamisha macho. "Hapana, bwana. Wanazungumza Kiswahili."

Watoto hawakuwa wananidhihaki. Ingekuwa dhihaka ningeweza kuivumilia. Walidhani ndivyo lugha ile inavyosemwa! Kisukuma walikinyonya kwa mama zao kikiwa kizima, lakini Kiswahili walikuwa nacho kimoja tu, kile nilichowapa mimi, nacho nilikuwa nimekitoa ndani ya kibuyu kile. Uchafu nilioumeza ulikuwa umetoka kwangu ukaingia kwenye vinywa vya watoto wa watu.

Darasa nikanyang'anywa, na ni haki. Sasa nasimamia shamba la shule. Nikipalilia muhogo namsikia mwalimu mpya kupitia dirishani: "Fungueni koo! Tena! Msibane!" Wengi wamekwisha kunyooka. Wachache bado. Juzi nilikutana na Maganga njiani, anachunga ng'ombe, anaimba kwa Kisukuma chake kwa sauti nzuri ajabu. Aliponiona akanyamaza, akainyoosha shingo kwa heshima, akanikwaruzia, "Shikamoo mwalimu."

Nikamkwaruzia, "Marahaba." Akapita. Nikageukia kichakani nikatema mate.

Walimu wenzangu, sauti yako unaiona ni mali yako, uitumie utakavyo shule ikifungwa. Si yako! Kuna watoto ambao bado hawajaja, wanaosubiri kuipokea kama ilivyo. Ngoma zipo kila mwaka, na akina Baba Masanja hawatakoma kuja kuwaita kwa jina la upande wenu. Wakija wasiwakute. Likizo ikianza, fungasheni mikeka, nendeni ukweni, mkae kwenye vigoda, mnywe maziwa, na mkiulizwa neno muitikie kwa kichwa.