Kiganja cha Kisirani

Mwanamke ambaye baadaye mji mzima ulimwita Mama Kisirani aliingia kwenye karakana ya magodoro siku moja asubuhi, na kabla hajauliza bei akalikandamiza godoro kwa goti. Fundi, mwenye karakana, akajua leo ana kazi. Wateja wengi huligusa godoro kwa ncha ya kidole, kama wanaojaribu pasi ya moto. Huyu alisogeza goti shubiri moja, akakandamiza tena, akasema humu ndani mna viraka vitatu vilivyounganishwa kwa gundi, na bei hii ni ya sponji nzima.

Vilikuwa vinne. Fundi hakumsahihisha.

Badala yake akamtazama vizuri. Mabega mapana, shingo imara, viganja vikavu. Alikuwa mpakiaji wa magunia kwenye ghala la nafaka mtaa wa pili, mwanamke peke yake kati ya wanaume kumi na sita, na alikaa kwa shangazi yake aliyechoka kugawana naye kitanda. Fundi naye wakati huo alikuwa na jambo lake la pembeni. Mwaka uliopita watu wa mieleka walimwita kutengeneza sakafu ya ulingo wao, mbao na springi na sponji, akabaki kutazama kama kazi yake itahimili. Ya mieleka hakuyajua hata kidogo, ila ukumbi uliojaa hadi madirishani hakuhitaji kufundishwa maana yake. Akajenga ulingo wake mwenyewe. Kilichompungukia ni wanawake; alikuwa naye mmoja tu, na mtu mmoja hapigani.

"Godoro chukua," akamwambia. "Ila uje kwangu siku tatu kwa wiki uangushwe chini."

"Na nani?"

"Mwanamke mwenzako."

"Na mimi nitamwangusha?"

"Kwa zamu."

Akafikiri, goti likiwa bado juu ya godoro. "Ongeza na mto," akasema.

Yule mwenzake alikuwa msusi, mwembamba, mwenye uso ambao watu huuonea huruma kabla hawajasikia shida yake. Fundi akampa jina la Waridi. Huyu wa magunia alihitaji jina la kuchukiwa, na jina hilo lilitoka kwa shangazi bila yeye kujua, maana ndivyo alivyomwita kila alipovunja kikombe: kisirani. Fundi akasema jina hilo limeshafanyiwa kazi nyumbani, yeye ataongeza "Mama" tu mbele.

Watu wa nje hudhani mieleka ya ukumbini ni ya kweli tupu au ni uongo mtupu. Nani atashinda, Fundi aliamua asubuhi, kama alivyoamua kochi lipi livishwe kitambaa kipi. Lakini anayeinuliwa juu ya kichwa ameinuliwa kweli, na atashuka kweli, juu ya mbao zenye sponji ya vidole vitatu. Kinachomtenga na hospitali ni mwenzake. Kwa hiyo wale wawili walijifunza kuanguka: kidevu kifuani, viganja vipige sakafu kabla mgongo haujafika. Wakajifunza na lugha ya kiganja. Baada ya kila mwangusho mkubwa, kabla ya unaofuata, mmoja anambana mwenzake kiganja mara moja, kwa siri. Hilo ni swali. Akibanwa naye mara moja, amejibiwa: niko sawa, endelea. Asipobanwa, kila kitu kinasimama.

Sheria moja Fundi aliitunga mwenyewe, na hakuna iliyomjazia ukumbi kuishinda: maadui hawaonekani pamoja. Wasipande gari moja, wasile meza moja, wakikutana sokoni Kisirani ageuze uso na kutema mate pembeni. Kila mmoja alikuwa na mlango wake wa kuingilia ukumbini. Watu wakaamini hata kupita kiasi. Muuza sabuni wa sokoni aligoma kumuuzia Kisirani mche mmoja, akamwambia akaoshwe na shetani aliyemzaa. Shangazi naye, akiwa anakunja nguo, alimuuliza kwa upole yule mtoto wa watu alimkosea nini hasa. Kisirani akashika ncha ya shuka, akakunja naye. Siri ya kazi ni siri ya kazi, hata kwa aliyekulea.

Walipokwisha kujifunza, siku tatu za mazoezi zilipungua, ikabaki Jumanne asubuhi. Siku hiyo walifanya mazoezi kwenye stoo nyuma ya karakana, mlango umefungwa, vumbi la sponji likielea. Saa moja walianguka, na saa ya pili walikaa juu ya marobota ya vitambaa, chupa ya chai katikati na vikombe viwili. Fundi alipopita nje aliwasikia wakicheka hadi kukohoa. Waridi ndiye mtu pekee aliyemwita Kisi. Alimsuka nywele, halafu akazitimua kwa makusudi kabla hawajatoka, kwa sababu Kisirani hakupaswa kupendeza. Kwa miaka tisa urafiki wao wote uliingia ndani ya saa hizo mbili, na uliobaki ulipita kwenye viganja, Jumamosi alasiri, watu mia sita wakizomea.

Mwaka wa tisa, Jumamosi moja, Kisirani alimwinua Waridi begani na kumtupa kama walivyozoea. Waridi akashuka vibaya. Kisirani akambana kiganja. Kiganja kikajibu, mara moja, kwa kasi ileile ya miaka tisa. Basi akamwinua tena. Safari hii sauti iliyotoka chini haikuwa ya mbao, na Fundi, aliyezijua mbao zake moja moja, alisimama kabla ya mtu mwingine yeyote. Ukumbi ulikuwa ukishangilia. Walidhani kilio kile ni sehemu ya mchezo.

Bega na mfupa wa juu ya kifua, daktari alisema. Jumatatu Kisirani alikuwa mlangoni kwa Fundi, amejifunga kitambaa kichwani, anataka kwenda hospitali. Fundi akamkatalia. Picha yao moja pamoja hospitalini, akasema, na miaka tisa yote imekwenda na maji. Matangazo ya pambano la kisasi yameshabandikwa. Avumilie wiki tatu, upepo upite. Walibishana mpaka gundi ikakauka kwenye brashi, na mwishowe, kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi, Kisirani akateremsha sauti.

"Basi nenda wewe. Usimwambie chochote. Mshike mkono wa kulia, mbane mara moja. Atajua."

Fundi alikwenda na mfuko wa machungwa. Akamkuta mgonjwa amezungukwa na mume, mama mkwe na mawifi wawili, wote wakimtazama yeye kama aliyemvunja. Kushika kiganja cha mke wa mtu mbele ya mama mkwe wake ni jambo ambalo hata mfanyabiashara hulifikiria mara mbili. Akaweka machungwa mezani, akasema Kisirani anakusalimia, akatoka. Kisirani alipomuuliza, akajibu nimefikisha. Aliuona ni uongo mdogo. Kuhusu sponji alishasema mkubwa zaidi.

Wiki tatu zikawa miezi. Mume wa Waridi alihamishwa kikazi, wakaenda mji mwingine, na neno lolote halikurudi. Kisirani alipigana na wengine, mmoja baada ya mwingine, na wote walijibu viganja vyao kama walivyofundishwa. Aliwaambia ni wazuri. Lakini kila Jumanne alifungua stoo peke yake, akaanguka peke yake saa moja, akakaa juu ya robota. Fundi huviona vitu vinavyotolewa bila kutumika, na aliona: vikombe bado vilikuwa viwili, na kimoja kilirudi kikavu. Aliona hivyo kwa miaka sita. Mara mbili alifungua mdomo amwambie, mara mbili akaufunga, maana mtu aliyekasirika hapigani vizuri.

Kisha magoti ya Kisirani yakaanza kulia kama bawaba. Fundi akapanga pambano la kuaga: binti mpya amwangushe Mama Kisirani mbele ya ukumbi uliofurika, kisha apumzike kwa heshima. Akamuuliza anataka nini. Akamtajia kitanda cha mbao ngumu, akamtajia seti ya makochi. Alitikisa kichwa kwa vyote.

"Mlete Waridi," akasema. "Tuingie mimi na yeye mlango mmoja. Wa mbele, watu wakiona."

Fundi akageuza jambo hilo kichwani. Sheria yake ingekufa, ndiyo, lakini ingekufa siku moja tu, na siku hiyo ukumbi ungejaa mara mbili. Akapanda basi akiwa ameridhika.

Saluni ya Waridi ilikuwa chumba kimoja chenye vioo viwili. Fundi alimwona akisuka wima, wateja wameketi kwenye viti vilivyokatwa miguu hadi usawa wa goti, na akaelewa kabla hajasalimu: mkono wake haukuinuka kupita kifua. Waridi akamwacha asubiri foleni kama mwanamke yeyote. Zamu yake ilipofika, Fundi akaketi kwenye kiti kile kifupi, magoti yakagusa kidevu, akaeleza pambano, mlango wa mbele, watu wakiona. Waridi akaendelea kuchana nywele za binti aliyekuwa kiti cha pembeni.

"Miaka sita," akasema. "Kisi hakuja hata siku moja. Mimi nilisema amegundua."

"Amegundua nini?"

"Kwamba nilimdanganya. Bega lilikuwa limeshatoka, naye akaniuliza, nami nikambana kumwambia niko sawa. Mkono ulijibu wenyewe, Fundi, kwa mazoea. Nimemfanya anivunje kwa mikono yake. Nilisema hawezi kunisamehe hilo."

Mbele ya wateja wanne, mmoja akiwa na nywele nusu, Fundi alilazimika kutoa alichokuwa amekalia miaka yote. Akasimama, akauomba mkono wa kulia, akaubana mara moja. Akasema huu ulikuwa wa hospitali; Kisirani alimtuma nao, baada ya yeye kumkataza kuja.

Waridi aliutazama mkono wake muda mrefu.

"Ulibeba machungwa ukauacha mzigo," akasema. Halafu akamgeukia binti na kumwambia akae sawa.

Alipomaliza kichwa kile alitoa masharti yake, na hapakuwa na nafasi ya kuyashusha. Jumamosi hatakuja. Hatauzwa kwa mtu yeyote mwenye tiketi. Atakuja Jumanne, stoo.

Jumanne ile Fundi alifungua stoo, akatoka, akakaa kwenye benchi mbele ya karakana. Hakusikia kicheko kwa muda mrefu, kiasi cha kuanza kuwa na wasiwasi. Halafu akasikia, kisha kikohozi. Zilipita saa mbili, zikapita tatu. Walipotoka hawakutokea mlango wa nyuma. Walipita mbele yake, Kisirani nywele zake zimesukwa vizuri, hazijatimuliwa, mikono yao imeshikana, wakakata soko katikati hadi kituo cha basi. Muuza sabuni alisimama na mche mkononi, mdomo wazi. Basi la saa nane likamchukua Waridi kwa mumewe na viti vyake vifupi.

Kufikia Jumamosi mji mzima ulijua. Ukumbi ulijaa nusu. Kisirani aliingia kwa mlango wake wa zamani, akarusha ngumi hewani, akawatukana kama ilivyokuwa kawaida yake, na hakuna aliyezomea. Mama mmoja wa safu ya mbele akamwambia pole na kazi, mwanangu. Fundi alimwona akigeuza kichwa huku na huku kama mtu aliyesikia anaitwa. Kisha akaangushwa, kama ilivyopangwa.

Ulingo Fundi aliuuza mwaka huohuo. Bila maadui, zilikuwa mbao tu.

Jumatatu baada ya pambano Kisirani alikuja karakanani. Godoro lake lilikuwa limelala bapa siku nyingi, akasema, na sabuni sasa anauziwa hadi anaongezewa. Fundi akataja bei. Kisirani akatoa nusu yake, naye akaikubali.

"Na mito miwili," akasema Kisirani.

Fundi akamuuliza wa pili wa nani.

"Huenda nikapata mgeni. Hakusema lini."

Mtu mwingine angemwambia mto usio na mtu ni wa kununua, si wa nyongeza. Fundi akaishusha mito miwili kutoka rafuni, iliyo bora, na kungojea. Kisirani alipandisha goti juu ya godoro, akalikandamiza, akasogea shubiri moja, akakandamiza tena. Safari hii hakukuta kiraka.