Malengelenge Juu ya Paa la Faiba

Niliyahesabu mara mbili, kama kawaida yangu. Mara ya kwanza nilipata arobaini na moja, mara ya pili arobaini na tatu, na sikuwa nimekosea. Mawili yaliota nikiwa nahesabu. Jua la saa sita lilikuwa juu ya lile basi dogo, na rangi nyeupe niliyoipiga siku kumi na mbili tu kabla ilikuwa inavimba kama ngozi ya mtu aliyemwagikiwa uji wa moto.

Mwenye gari alikuwa amesimama chini, mikono kiunoni.

"Shikamoo, mama," nilisema nikiwa bado juu ya ngazi.

"Marahaba. Shuka kwanza. Sisalimiani na miguu."

Nilishuka. Ilikuwa miaka ile magari yaliyotumika Japani yalipoanza kumiminika Mwanza, mengine yakiwa bado na maandishi ubavuni ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Mama huyu, mtu wa Mara aliyeuza samaki Kirumba miaka mingi, alikuwa ameacha samaki na kununua basi dogo la paa refu. Hospitali moja ya misheni, mbele ya Kisesa, ilitaka gari la kubeba wauguzi kutoka mjini asubuhi na kuwarudisha jioni. Ofisa usafiri wao alilikagua lake akasifu injini, akasifu matairi, kisha akainua macho juu na kusema hawezi kuwapandisha wauguzi kwenye gari lenye ugonjwa wa ngozi. Angelitazama tena Jumatatu isiyo hii, ile inayofuata. Likiwa vilevile, kazi ingekwenda kwa bwana mmoja wa Kiseke ambaye naye alikuwa na basi.

"Hii ni mara ya pili," alisema mama. "Mara ya kwanza uliniambia rangi ilikuwa mbovu. Leo utaniambia nini mbovu?"

Nilijifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. Pale Mkolani, kwenye gereji yangu, nilijulikana kwa rangi na kwa mdomo, na siku ile vyote viwili viliniangusha.

Kila mpiga rangi wa mji huu alijua kwamba rangi ikivimba, chini kuna kutu. Unakwangua mpaka bati linacheka, unapaka dawa ya kutu, unaendelea. Mara ya kwanza nilipokwangua paa lile sikukuta bati. Nilikuta kitu cha manjano, nyuzi nyuzi, kama gunia lililozamishwa kwenye gundi. Faiba. Nilifurahi, maana faiba haishiki kutu, nikaona kazi imekuwa nyepesi. Lilipovimba, nikaamua kwamba sikulisugua vya kutosha. Basi mara ya pili nilitumia ndoo kumi na nne za maji ya ziwani na msasa wa maji mpaka vidole vikasinyaa, kisha nikaliosha kwa sabuni kama sahani ya harusi. Baada ya saa mbili mkono uliniambia limekauka. Nikapiga rangi.

"Panda gari," alisema mama. "Nakupeleka kwa mtu."

"Mtu gani?"

"Anayejua."

Neno lile liliniuma, lakini nilipanda.

Alinipeleka ufukweni Kirumba, kwa Mjita mmoja wa makamo aliyekuwa akiziba maboti ya faiba, yale yanayobeba barafu na sangara kutoka visiwani. Tulimkuta ameketi ndani ya boti lililolazwa ubavu, kavaa kofia ya sufu juani. Hakuinuka. Alimsikiliza mama, kisha akanigeukia mimi.

"Ulilisugua kwa maji?"

"Mpaka likang'aa."

"Na kuliosha?"

"Kwa sabuni. Mara mbili."

Alicheka, akagonganisha kiganja na mama. "Dada, huyu fundi wako ana bidii. Amelinywesha gari lako likashiba."

Kisha alinieleza, na nitamsifu kwa hili, hakunieleza kama mjinga. Faiba ina ganda gumu juu, linaloteleza kama kikombe. Ganda ndilo linalozuia maji. Mimi nililila lile ganda kwa msasa, zikabaki nyuzi wazi, na nyuzi hunywa maji kama utambi wa koroboi unavyonywa mafuta. Ukigusa juu ni pakavu. Ndani maji yapo. Unafunika kwa rangi, jua linapiga, maji yanataka kutoka na mlango umeufunga, basi yanabeba rangi mgongoni.

Kwa maneno mengine, kadiri nilivyofanya kazi vizuri ndivyo nilivyoliharibu.

"Boti tunalipandisha nchi kavu mwezi mzima kabla ya kulipaka," alisema.

"Mwezi? Mimi nakupa siku nne."

"Unapatana na mimi? Patana na maji."

"Siku sita, na nalianika kutwa."

"Dada, mtoe huyu hapa kabla sijampa bei ya kweli."

Lakini aliniachia dawa yake ya kupimia, ambayo haikuwa mashine wala nini. Kipande cha nailoni angavu, ukubwa wa gazeti lililofunuliwa. Unakibandika juu ya faiba tupu kwa utepe wa gundi pande zote nne, asubuhi, unakiacha juani mpaka adhuhuri. Kikitoka jasho kwa ndani, gari bado linakunywa. Kikibaki kikavu, paka.

Nilirudi Mkolani nikakwangua rangi yangu yote, nyeupe safi, kwa msasa mkavu. Tone la maji halikugusa paa lile tena. Jioni nililifunika kwa turubai kwa ajili ya umande, asubuhi nikalifunua. Tulikuwa kiangazi, mvua imeshakwisha, na jua nalo halikunionea choyo. Siku ya kwanza nailoni ililia kama sufuria ya wali. Siku ya nne matone yalikuwa mengi bado lakini ningeweza kuyahesabu. Mama alikuja kila adhuhuri, anapanda ngazi mwenyewe na khanga kaifunga kiunoni, anachungulia, anashuka.

"Leo mangapi?"

"Thelathini na mawili."

"Mimi nimeona thelathini."

"Mawili yapo pembeni, mama, chini ya gundi."

"Hayo ya pembeni niondolee."

Nikamwambia hayo si yangu ya kuyapunguza. Akaondoka akinung'unika kwamba fundi asiyepunguza hajawahi kumwona.

Jumapili, siku moja kabla ya ukaguzi, alikuja moja kwa moja kutoka kanisani. Matone yalikuwa kumi na moja. Nilihesabu mara mbili, yeye akahesabu ya kwake, na kwa mara ya kwanza tulikubaliana.

"Kumi na moja si kitu," alisema. "Paka leo. Kesho ofisa anaona jeupe, anaweka sahihi. Mengine tutajua mbele."

Na ingewezekana. Rangi ingeshika wiki mbili, labda tatu, na kalamu ya ofisa ingekuwa imeshakauka. Nilikuwa na rangi, nilikuwa na kompresa, na mteja mwenyewe ndiye aliyesema. Sikukataa kwa utakatifu. Nilipiga hesabu. Gari lile lingepita Igoma, njia ya Kisesa, mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, limejaa wauguzi wenye macho na midomo, likinitangaza.

"Sipaki, mama."

"Gari ni la nani?"

"Lako. Malengelenge ndiyo yangu."

Alisema kitu kwa lugha ya kwao, nadhani tusi. Kisha akasema, "Basi kesho tunakwenda wote. Utamweleza wewe. Mimi sitasimama pale peke yangu na gari lenye upara."

Jumatatu saa mbili tulikuwa uani kwa hospitali. Ofisa usafiri alikuwa kijana, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni. Alilizunguka gari, akakanyaga bampa ya nyuma kuchungulia juu.

"Mama, nilisema paa. Hili ni paa au ni uwanja wa mpira?"

Mama alinisukuma mbele. Nilipanda nikabandika nailoni, nikamwomba arudi saa sita. Alirudi, nadhani kwa udadisi tu. Nikamwonyesha matone. Yalikuwa manane.

"Hayo ni maji yaliyo bado ndani ya faiba," nikasema. "Nikipaka leo litapendeza."

"Kwa nini hukupaka, sasa?"

"Litapendeza wiki mbili. Baada ya hapo utaniita tapeli, na utakuwa umesema kweli."

Akatikisa kichwa. "Yule wa Kiseke lake halina mambo haya. Lake ni bati."

Hapo mama akaingilia kati. "Baba, bati lina kutu. Umemwuliza amefunika nini chini ya rangi? Mimi langu nimekuletea wazi, umehesabu mwenyewe. Muulize na yeye akukwangulie lake."

Ofisa alichomoa kalamu, akairudisha, akachomoa ile nyingine.

"Nakupa mpaka Ijumaa."

"Mpaka mwisho wa mwezi," alisema mama.

"Mama, hii ni ofisi."

"Na mimi nimekuja ofisini. Wauguzi wanakaa ndani, hawakai juu ya paa. Mvua hakuna. Waanze kupanda keshokutwa, upepo wa barabarani utakausha kuliko jua la pale kwa huyu."

Walikubaliana wiki mbili, wauguzi waanze Jumatano, na paa lisipokuwa limekwisha baada ya wiki hizo mkataba ufe. Nimepatana na watu wengi maishani. Yule mama sikuwahi kumfikia.

Ile ya upepo aliibuni palepale, lakini ilikuwa kweli. Jumapili ya pili nailoni ilibaki kavu, pembeni na katikati. Mjita alikuja mwenyewe na gundi yake ya faiba, akanionyesha jinsi ya kurudisha ganda, na kesho yake jioni, wauguzi walipokwisha kushushwa, nikapiga praima, kisha rangi, nyembamba nyembamba, nikisubiri kati ya mkono mmoja wa rangi na mwingine. Jumanne ofisa alipitisha kiganja juu ya paa, akaweka sahihi.

Mama alikuja Mkolani mwezi uliofuata, jua la saa saba. Hakusema asante. Alisimama mbali, akaliangalia gari kutoka juu hadi chini, akasema sasa paa limekuwa jipya mno, milango imekuwa kama ya gari jingine, hivyo nimemharibia gari na ni juu yangu kulitengeneza.

"Milango ni bati, mama," nilimwambia. "Kwenye bati, bei yangu ni ileile na sipunguzi."

"Tutaona," alisema, akavuta kigoda akaketi.