Firigisi ya Ukweni

Habari ilifika nyumbani kwetu Mbeya kwa mdomo wa jirani aliyetoka Sumbawanga: mdogo wangu Ambakisye ameacha kula nyama. Jirani alikaribishwa kwake akapikiwa maharage, na alipouliza kama bucha zimefungwa, Ambakisye akamjibu kuwa yeye na nyama basi tena. Mama alishika kichwa. Majirani wakaanza kusema yale ya uchawi ambayo watu wa kwetu husema kila Sumbawanga inapotajwa, na wengine wakadai ameingia dini ya ajabu. Mimi, Tusekile, ndiye mtoto wa kwanza. Baba alikwisha fariki, baba mdogo mguu haumruhusu kusafiri, kwa hiyo nikaambiwa niende mimi.

Hamu ya kujua peke yake isingenipandisha basi wakati wa masika. Kilichonipandisha ni harusi. Ambakisye alikuwa bwana mifugo katika kijiji cha ujamaa kilichoko njia ya Kasanga, na alikuwa amemchumbia Yustina, binti wa mkulima wa hapo. Mahari ilikwisha zungumzwa, na padri alikwisha kubali. Ilibaki siku moja tu, siku ya bwana harusi kwenda kula ukweni. Katika nyumba ile, kama ilivyo kwetu, mkwe huchinjiwa kuku akaletewa mzima, firigisi juu. Akiila, amekuwa mtoto wa nyumbani. Akiikataa, amemkataa binti. Sasa huyu wetu ataila vipi?

Asubuhi tuliondoka Mbeya kwa lami nzuri mpaka Tunduma. Baada ya hapo lami ikaisha na matope yakaanza. Karibu na Laela basi lilizama hadi ekseli. Wanaume wakashuka kusukuma, na sisi wengine tukakaa pembeni mwa barabara tukila kila mtu alichobeba. Kwa kuwa kichwani nilikuwa na jambo moja tu, nikaanza kuwauliza watu wanakula nini na hawali nini. Mzee mmoja mfanyabiashara wa dagaa alisema kondoo hamgusi, ni mwiko wa ukoo wao, wakimla watatoka upele.

"Umewahi kujaribu?" nikamuuliza.

"Nijaribu ili iweje?"

Mama mmoja akadakia kwamba yeye kambale hali kwa sababu ana sharubu kama mjomba wake. Tulicheka sana. Msichana mmoja alisema ameacha nyama kwa Kwaresima, lakini siku za Pasaka tumwone. Kisha yule mama wa kambale akafungua kitambaa chake akanipa yai la kuchemsha. Nikamwambia asante mama, mimi sili mayai. Akaliweka. Hakuniuliza sababu, nami sikuona kuwa kuna la kuulizwa.

Jioni tuliingia Sumbawanga tukitetemeka kwa baridi. Nilifikia mtaa wa Majengo kwa Mama Tumaini, mtu wa kwetu aliyekuwa na duka dogo la vitenge. Alinipa ugali wa ulezi na majani ya maboga, nami nikamweleza shida yangu yote kabla sijanawa vizuri. Alicheka mpaka akakohoa.

"Dada, mjini hapa wengi wetu hatuli nyama. Tofauti ni kwamba sisi tunaikosa, yeye anaiacha."

"Mama anasema wamemfanyia kitu."

"Kitu gani cha kumfanya mtu apende maharage? Nenda kamuulize mwenyewe."

Kesho yake nilipata lifti ya lori la ushirika. Uwanda wa Ufipa ulinishangaza. Kwetu Mbeya macho hugonga mlima na migomba. Kule yanakwenda tu, majani na upepo, mahindi yametanda, na matuta ya duara ambayo Wafipa hufukia nyasi ndani yake zioze ziwe mbolea. Nilimkuta Ambakisye kwenye shamba la kijiji akiwafundisha vijana kulima kwa maksai. Alikuwa mnene kuliko nilivyomwacha. Nilikasirika kidogo, maana njia nzima nilikuwa namhurumia.

"Shikamoo dada. Mama kakutuma."

"Marahaba. Wewe, nyama imekukosea nini?"

Akanipeleka kwake kwanza, akachemsha maji ya chai. Akasema kijiji kilikuwa na jozi ya maksai, Uhuru na Kazi. Yeye ndiye aliyewafundisha, tangu wakiwa ndama wakaidi. Ukiita "Kazi!" yule wa kushoto anageuza shingo. Siku moja mwaka jana Kazi akaingia kwenye shimo akavunjika mguu, na mwenyekiti akaamuru achinjwe, nyama igawiwe nyumba kwa nyumba. Ambakisye, kwa kuwa ni mtaalamu, akaletewa pande la paja.

"Nilipika, dada. Nikaunga na vitunguu. Nilipotia mdomoni haikushuka."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

"Na kuku? Kuku naye alikuwa analima?"

Akacheka, lakini si sana. "Nilijaribu kuku, nikajaribu samaki wa Kasanga. Mdomo umekataa. Hata mimi sielewi. Nisikudanganye kwamba nina hoja."

Nilitamani angekuwa na hoja. Mwiko ningeutetea, dini ningeibishia, ugonjwa ningeutafutia dawa. Lakini mtu anayekuambia kwamba mdomo umekataa, utamfanya nini? Nikamuuliza kama wakwe wanajua. Hawajui. Yustina anajua, na amelia.

Hapo ndipo nilipojiona mjanja. Wakwe ni Wakatoliki wa kweli kweli, tuko Kwaresima, na Ijumaa hawali nyama. Nikasema tutume ujumbe kwamba tutafika Ijumaa. Watatupikia maharage, tutakula, tutashukuru, na siku ya kula ukweni itakuwa imepita bila mtu kuvunja neno lolote. Ambakisye alisita. Nikamwambia anyamaze, mimi ndiye niliyesimama mahali pa baba.

Ijumaa adhuhuri tulikaribishwa kwa Mzee Leonsi, baba yake Yustina, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Tukanawa. Mlango wa ndani ukafunguliwa na mama mkwe akaingia na sinia. Kuku mzima, ameng'aa kwa mafuta, firigisi juu yake. Nyuma yake bakuli la maharage.

"Maharage ni ya kwetu," Mzee Leonsi akasema. "Sisi tumefunga. Lakini ninyi dini yenu haina Ijumaa, nasi hatuwezi kumlaza mgeni njaa kwa sababu ya sheria yetu. Karibu, mwanangu. Kula."

Watu ambao siku hiyo wasingeonja nyama walikaa wanamtazama mdogo wangu na kuku wake. Nyuma ya pazia niliiona miguu ya Yustina, haitembei. Nikamwinamia Ambakisye nikamnong'oneza kwa Kinyakyusa: sema umefunga pamoja nao. Ulikuwa uongo mzuri, na wangempenda zaidi.

Ambakisye akaondoa mkono kwenye sinia.

"Baba, nisamehe. Ningeweza kusema nimefunga, lakini Pasaka itakuja mtachinja tena, nitasema nini? Mimi nyama sili. Siku zote." Akaeleza habari ya Kazi kama alivyonieleza mimi, bila kuongeza.

"Yule maksai wa kushoto?" Mzee Leonsi akauliza.

"Yule."

"Alilima shamba langu." Kisha akasema, "Sikulazimishi kula. Lakini firigisi haiwezi kurudi jikoni. Ikirudi, binti yangu amerudi nayo. Nani amekuja kwa niaba ya baba yako?"

"Dada yangu huyu."

"Basi aliyekaa mahali pa baba ndiye ale."

Mama mkwe aliguna. "Baba Yustina, mwanamke ale firigisi?"

"Leo si mwanamke. Leo ni baba yake Ambakisye."

Wote wakageuka kunitazama. Nitasema wazi kwamba niliogopa. Tangu nizaliwe sijala firigisi wala yai. Nimelelewa hivyo, mama yangu amelelewa hivyo, na sisi wanawake tuliambiwa tukila tutaharibikiwa uzazi. Watoto wangu wote walikwisha zaliwa na wengine wameota ndevu, lakini mkono ulikuwa mzito vilevile. Nikaitazama miguu chini ya pazia. Nikaichukua firigisi, nikaila mpaka ikaisha.

Ndani kukasikika vigelegele. Mzee Leonsi akavuta bakuli la maharage mbele ya Ambakisye, na mkwe akala sahani moja na wenye nyumba, akiongezewa kama mtoto wao. Mimi nikabaki peke yangu na kuku mzima.

Jumapili basi la kurudi lilisimama tena karibu na Laela, safari hii kwa tairi. Wachuuzi wakaja na mayai. Nikanunua moja, nikakaa nalo mkononi likiwa la moto. Nilikuwa nimevuka matope yote yale kwenda kumhoji mtu kwa sababu ameacha kula kitu mwaka mmoja. Mimi nimeishi umri wangu wote bila kula yai, na hakuna aliyewahi kupanda basi kuja kuniuliza. Hata mimi mwenyewe sikuwahi kujiuliza. Nikalimenya, nikala, nikaomba chumvi.

Nilipofika nyumbani mama aliniuliza kwanza kama mtoto ana afya. Nikamwambia amenenepa. Akauliza kama wamemroga, nikasema hapana, alimpenda ng'ombe. Hilo lilimchukua muda. Akauliza mambo ya ukweni yaliishaje, nikamsimulia yote, na nilipofika kwenye firigisi nikasubiri anigombeze.

Hakunigombeza. Aliendelea kupepeta mchele, akitazama ungo. Mama yangu huyu, aliyepasua na kusafisha firigisi za wanaume tangu akiwa msichana, akasogea karibu na kuniuliza kwa sauti ndogo, kama anayeogopa kusikiwa na marehemu baba:

"Ikoje?"

Jumamosi iliyofuata nilimkamata jogoo, nikachinjisha, nikapika. Firigisi tuliikata vipande viwili.