Makofi ya Kapenda

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ukumbi mzima wa parokia yetu ya Katuba ulipocheka mahali ambapo mimi sikuwa nimeona kichekesho. Nilikuwa msichana wa mwaka wa tano wa sekondari, na kwenye uchambuzi wa michezo ya kuigiza nilijiona bingwa.

Tulikuwa tukisoma mchezo alioutunga mwalimu wetu, Bwana Ilunga. Ndani yake, mkubwa wa karakana ya reli anangoja mgeni wa heshima, basi anawafundisha wafanyakazi kupiga makofi. Wanamwomba maji ya kunywa. Anawajibu kwamba kwanza makofi yalingane. Mmoja wao, Kapenda, kila mara anachelewa: wenzake wakimaliza, ndipo yeye anapoanza. Niliandika kwamba Kapenda ni mjinga aliyewekwa pale ili tucheke. Nikausoma uchambuzi wangu kwa maringo, darasa likaangua kicheko.

Jumapili wenzangu wakauigiza ukumbini mbele ya wazazi. Baba yangu, aliyefanya kazi relini miaka mingi na asiyejua kusoma, alikaa mstari wa mbele. Kapenda alipochelewa mara ya kwanza, nilicheka peke yangu. Wazee walinyamaza, wakimtazama kwa heshima. Lakini mkubwa alipoanza kusifu umoja wa wafanyakazi wake, na Kapenda akamkatiza kwa kupiga makofi peke yake, amechelewa tena, ukumbi ulilipuka. Baba alicheka hadi machozi.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani nilimuuliza alichekea nini.

“Ule Kapenda hakukosea, mama,” akaniambia kwa Kiswahili chetu cha Katuba. “Anachelewa makusudi. Siye pale kazini, hivyo njo tulikuwa tunasema hapana.”

Nilisimama katikati ya barabara. Mzee huyu nilimwona kila siku, na jioni ile nilimtazama kama mtu niliyekutana naye mara ya kwanza. Kumbe niliyemwita mjinga mbele ya darasa alikuwa yeye.

Jumatatu nilimwomba Bwana Ilunga niandike upya uchambuzi wangu. Alama hakunibadilishia, ila aliniruhusu kusoma mbele ya wale wale niliowachekesha. Hakuna aliyecheka.

Basi, mwanangu, unapochambua kichekesho, usikimbilie kusema nani mjinga. Tafuta mwandishi anamcheka nani, na nani pale hathubutu kusema waziwazi. Kisha msomee mtu aliyeyaishi mambo hayo, usikilize anacheka wapi na ananyamaza wapi. Mungu akupe sikio la namna hiyo, na akujalie kuwafahamu watu wa nyumbani kwako wangali hai.