Kiti Alichoahidiwa Mzee Andongwisye

Krrr. Miguu ya kiti ikiburutwa kwenye sakafu ya saruji. Ferista alikuwa na miaka saba, kanisani Nanyala. Kila alipotokea mgeni mweupe, hata awe kijana aliyepotea njia, kiti kililetwa mbio kutoka nyumba ya mchungaji na kuburutwa hadi mbele kabisa. Bibi yake, aliyelima kahawa mpaka vidole vikagoma kunyooka, alikaa chini kwenye mkeka. Hakuna aliyewahi kumburutia kiti.

Sasa Ferista ana miaka arobaini na minne, na anafundisha katika tawi dogo la chuo kikuu huko Vwawa. Kwenye ratiba somo lake linaitwa Jamii na Maendeleo. Wanafunzi wanaliita somo la hasira, wala hawakukosea. Yeye mwenyewe anaishi Tunduma, na huwatuma wakakae saa moja moja kwenye hoteli za kando ya barabara kuu, waandike nani anaambiwa "karibu bosi" na nani anaulizwa "wewe unataka nini?" Hurudi na madaftari yamejaa. Mzungu mwenye kaptula iliyochanika aliitwa bosi. Mama wa Kinamwanga, hela yake mkononi, aliambiwa asubiri nje.

"Mhudumu yule hakufundishwa na mtu," Ferista huwaambia. "Alikua akiona hivyo. Upendeleo ni kiti unachokikuta kimeshafutwa vumbi, na hujawahi kujiuliza nani alikifuta."

Mwezi Mei mwaka jana alitaka wanafunzi wamsikie mtu aliyekifuta. Alipanda hadi Itumba mara mbili kumwomba Mzee Andongwisye, ambaye ujanani alichuma kahawa kwenye shamba la mlowezi huko Mbozi, aje kusimulia.

Mara ya kwanza mzee alikataa. "Wasomi watanicheka, mama. Kiswahili changu hiki kinapanda na kushuka kama njia zetu."

Mara ya pili Ferista akamwahidi: "Hakuna atakayekucheka, baba. Wewe ndiye mwalimu siku hiyo. Utakaa kwenye kiti changu."

Kwenye darasa lile kiti ni kimoja. Wengine wote hukaa kwenye mabenchi.

Mzee alikuja na koti lake la harusini, kofia mkononi. Akakaa taratibu, kama anayejaribu maji ya mto. Akaanza. "Bwana akitokea, unasimama. Una kikapu, una homa, unasimama. Unavua kofia, unatazama chini. Ukichelewa, nyapara anakuonyesha." Benchi la mbele lilikuwa limeacha kuandika, linasikiliza tu.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia mkuu wa tawi, Bwana Emanueli, na nyuma yake kijana wa Kizungu wa miaka ishirini, jina lake Oskar, mwanafunzi aliyekuja kutembea wiki mbili kutoka chuo rafiki cha Ulaya.

"Mwalimu, tuna ugeni mkubwa leo!"

Hakuna aliyemwagiza Ferista kitu. Mkono wake ulikwenda wenyewe. "Baba, samahani, sogea kidogo," alisema, akashika mgongo wa kiti. Krrr. Mzee alikuwa ameshasimama kabla sentensi haijaisha, kofia kifuani, macho chini. Vilevile alivyokuwa akisimulia dakika moja nyuma.

Oskar akajikuta amekalishwa.

Kisha, kutoka benchi la nyuma, Lusubilo, kijana wa Tunduma asiyejua kumeza neno: "Mwalimu, na hili tuliandike?"

Walicheka, na kicheko hakikuwa kizuri.

Oskar aliiva uso, akajaribu kuinuka. "Mimi simama. Babu kaa."

Mkuu alimbonyeza bega. "Hapana, hapana! Wewe ni mgeni."

"Na yeye?" Ferista akauliza.

"Yeye nani?"

"Mzee."

Mkuu alimtazama mzee kama mtu anayetazama nguzo ya nyumba. "Ah, huyu ni mtu wa hapahapa, Mwalimu."

Hapo ndipo hasira ilipompanda Ferista, na ilianza kumla yeye mwenyewe.

"Andika, Lusubilo! Andika na jina langu, na tarehe. Nina shahada mbili, na mkono wangu bado unaburuta kiti. Kijana huyu hakuomba kitu. Mzee huyu aliahidiwa. Nimemnyang'anya aliyeahidiwa, nikampa asiyeomba, na hakuna aliyenishikia fimbo! Oskar, tafadhali, inuka."

Kijana aliinuka kama aliyefunguliwa kamba, akaenda kubanana na wenzake kwenye benchi. Ferista akakirudisha kiti kwa mzee.

"Acha tu, mama," mzee akasema kwa upole. "Niko sawa. Nimezoea."

Akasimulia yote yaliyobaki akiwa amesimama, dakika arobaini, kofia kifuani. Kila Ferista aliposogeza kiti, mzee alisogea mbali nacho kidogo.

Mchana, mkuu alimwita Ferista ofisini. Mezani palikuwa na karatasi tupu yenye nembo ya chuo.

"Umemwaibisha mgeni, dada yangu. Chuo chao ndicho kinachotuletea vitabu. Andika barua ya kuomba radhi. Na ukumbuke mkataba wako unaisha Juni, na majina napeleka mimi."

"Oskar amelalamika?"

"Hajalalamika. Lakini akifika kwao atasema."

"Na Mzee Andongwisye akifika kwao Itumba, atamwambia nani?"

Mkuu akacheka. "Mzee tumempa soda na nauli. Ameshukuru sana! Wale hawana makuu."

Ferista alitamani kupiga meza, wino uruke mpaka darini. Kilichomchoma zaidi ni kwamba mkuu alikuwa anasema kweli: mzee alishukuru. Ferista alimnyang'anya kiti mbele ya wanafunzi, na bado mzee akashukuru. Juni ilikuwa wiki tatu mbele, na kazi nyingine hakuwa nayo.

Akavuta karatasi. Akachukua kalamu. Sauti yake ilishuka mpaka mkuu akalazimika kuinama ili asikie.

"Nitaandika, Mkuu. Ila itakwenda Itumba."