Siku Niliyomlilia Mzee Zefania Akiwa Hai

Mwaka themanini na mbili, mimi nikiwa na miaka kumi na minne, ndipo shida ilipoanza kwetu, sabuni hakuna, sukari hakuna, unga kwa foleni, nikaacha darasa la nne nikashuka mlimani kwenda kukata mkonge, na tangu siku hiyo hakuna mtu aliyenilisha. Nasema hili mapema ili mjue aibu hii si ya mjinga. Ni ya mtu mwenye akili zake aliyejidhalilisha mbele ya ukoo mzima.

Enzi za ruksa zilipokuja, malori yakaanza kumwaga bidhaa Hedaru, nami nikawa na kibanda changu kando ya lami. Dereva mmoja akaniuzia televisheni ndogo nyeusi na nyeupe pamoja na mashine ya gemu ya Kijapani yenye kaseti moja tu (Bara hatukuwa hata na kituo cha televisheni, watu wakaniuliza utaangalia nini humo). Nikaifunga kwenye betri ya gari.

Halikuwa gemu la kukimbizana. Ni watu wanne wadogo kama punje za mahindi, wanatembea nchi nzima, wanakutana na mazimwi, wanapigana kwa zamu, huyu anapiga yule anasubiri, kwa adabu kabisa. Akifa mmoja anageuka jeneza, wenzake wanamburuta mpaka kanisani afufuliwe. Maandishi yalikuwa Kiingereza, nikayakariri kwa sura kama mtu anavyojua ng'ombe wake. Na ule muziki! Mpaka leo nikinyoa ndevu naupiga mluzi.

Sasa, kabla ya kuanza linakuuliza majina ya hao wanne, herufi nne nne. Sisi Wapare jina hatuliokoti njiani, mtoto hupewa la babu au la bibi, kwa mpangilio. Nikafuata desturi. Wa kwanza MOSE, mimi mwenyewe. Wa pili NANZ, yaani Nanzia, binti wa Gonja niliyekuwa nimemposa. Wa tatu ZEFA, mzee Zefania, baba yake, kwa heshima. (Wa nne TOMI, mbwa wangu, maana nilikuwa nimeishiwa watu wa kuwaheshimu.) Heshima hiyo niliihitaji. Mzee alikuwa ameshasema kwamba binti yake haendi kwa mtu anayekaa kutwa akitazama sanduku, na Jumapili ile ndiyo alikuwa atoe jibu la mwisho.

Alhamisi asubuhi tukaingia pango la joka. Mzee Zefania akapulizwa moto mmoja tu, chini. Nikapiga kelele, "Jamani, mzee Zefania kafa!"

Nje ya pazia alikuwepo Mama Rehema, jirani yangu muuza vitumbua, mwenye huruma za kuzidi kiasi.

"Mose, mwanangu, unasema kweli?"

"Kafa, mama. Sasa hivi." (Macho yangu yako kwenye kioo.)

"Innalillahi! Na Nanzia?"

"Nanzia ndiye aliyekuwa akihangaika naye. Mimi natafuta njia ya kumfikisha kanisani."

Niambieni, hapo uongo uko wapi?

Nikamburuta mzee mpaka nje ya pango, nikahifadhi mchezo, betri ikaisha. Kutoka kibandani, nakuta watu wa Gonja wote wanaoishi Hedaru wamejaa, wanawake wamejifunga kanga viunoni, kuni na maharage yanapakiwa kwenye lori.

"Nani kafa?" nikauliza.

Wakatazamana. "Kachanganyikiwa," mmoja akanong'ona, "mpandisheni mbele." Mama Rehema akanishika mkono. "Mzee Zefania, mwanangu. Pole sana."

Mtu mwingine angeshtuka hapo hapo. Mimi nikaona gemu limenitabiria! Nikaanguka kando ya lami, nikalia kilio ambacho hata baba yangu sikumlilia, lori likazunguka kupitia Mkomazi mimi nalia tu, namsifu marehemu kwa sauti, uchoyo wake wote nikauita uangalifu.

Gonja tukashuka kwa vilio, kina mama mbele. Mzee Zefania akatokea nyuma ya nyumba, panga mkononi, majani ya migomba begani.

Nikasikia mdomo wangu unasema, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kafa nani?"

Wote wakamtazama Mama Rehema, naye akaninyooshea kidole. "Si wewe mwenyewe uliyesema?" Hapo ndipo akili iliponirudia, imechelewa. Ikabidi nieleze. Jaribu wewe kumweleza mzee wa kanisa gemu la Kijapani, mbele ya ukoo na lori la kuni.

"Kwa hiyo umeniua."

"Si mimi, mzee. Ni joka."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo."

"Ukafanya nini?"

"Nilikimbia, mzee."

Ukoo mzima ukaguna. Nanzia alikuwa mlangoni, kajifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika, sikujua ni kicheko au kilio.

"Na huko mtu akifa ndiyo basi?"

"Anafufuliwa, mzee. Kuna kanisa."

Akafuta panga taratibu. "Watu hawawezi kurudi na njaa," akasema. Maharage yakapikwa, tukala matanga ya mtu aliye hai, naye akala kutuzidi. Kisha akapanda lori pamoja nasi. "Sitoi binti nikiwa maiti ndani ya sanduku la mtu. Twende ukanifufue."

Kesho yake, betri imeshachajiwa, akakaa kibandani juu ya kreti ya soda, watu wamefurika mpaka barabarani. Nikamfufua. Alipomwona yule mtu mdogo amesimama tena, akavua kofia. "Haya, rudi kwa hilo joka. Ukikimbia nakuona." Tulipigana mpaka adhuhuri, na sikukimbia. Joka lilipoanguka mzee aliruka akamwaga chai yake yote, na Jumapili akanipa Nanzia.

Alipokufa kweli, miaka mingi baadaye, Hedaru hakuna aliyepakia hata ukuni mmoja mpaka mtu alipokwenda kumwona kwa macho. Siwalaumu.

Juzi binti yangu kaniwekea gemu lile lile kwenye simu, muziki ule ule, machozi yakanilenga. Kioo kikauliza majina. Nikaandika MOSE mara nne. Jina la mtu mwingine sitalitia tena humo maisha yangu yote, nife mimi peke yangu nisimsumbue mtu.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma, duka la vipuri vya pikipiki, shamba la tangawizi mlimani, ng'ombe watano, pampu ya maji na simu ya kioo kikubwa. Nanzia simhesabu humo. Hivyo vingine nilivitafuta, yeye nilipewa.